Juu ya chawa wa dortwari ya pili



Wenye kazi ya gazeti hili walitaka dortwari ya pili iandike kitu juu ya usafi. Tungeweza kuandika juu ya kufagia na kuchoma majani, kama dortwari ya kwanza walivyofanya mbele yetu, na hakuna mtu angetuuliza neno. Lakini masomo mazima yanajua mambo yaliyopita kwetu mwezi wa 11, ao yanafikiri yanajua. Wavulana wameisha kutunga hata mchezo juu yake. Basi afadhali tuandike sisi wenyewe, wasichana 34 (sasa tuko 33), bila kutaja jina la mtu. Anayetaka kucheka, acheke kwanza hapa, kisha asome.

Kila siku ya posho, tukiisha kufua, tunasukana. Anayesukwa anakaa chini, anayesuka anakaa kitandani na kichwa cha mwenzake katikati ya magoti, na nyuma yake tena mwingine anamsuka yeye. Mara ingine tunafungana hivyo watu wanne watano kama mnyororo. Ni saa nzuri kupita zote za juma. Hapo njo habari za nyumbani zinasemwa, hapo njo yule aliyekosa kupelekewa kitu anapewa karanga za wenzake, hapo njo anayelia analia na hakuna anayemuuliza. Kichanuo ni kimoja ao viwili kwa dortwari nzima, kinatembea kichwa kwa kichwa. Hatukuwaza hata siku moja kama kuna kitu kingine kilitembea pamoja nacho.

Kujikuna tulikuwa tunajikuna, hatutadanganya. Lakini kila mtu alikuwa na sababu yake: ni sabuni ya bei rahisi, ni vumbi, ni nyuzi zilizokazwa sana. Usiku katika saa ya kusoma ungesikia makucha tu, kra kra kra, kama panya katika mahindi. Hakuna aliyesema jina la mnyama. Mtu akisema jina lake, atakuwa anasema yuko naye.

Katika juma la pili la mwezi wa 10 tulipokea mwenzetu mupya. Alichelewa kuingia kwa sababu mjomba wake alikuwa bado anatafuta minervali. Kwao ni upande wa Rutshuru. Walikimbia vita mwaka wa 2022, wakaishi katika kambi karibu na Goma, chini ya hema, mpaka kambi zile zilipovunjwa mwanzo wa mwaka 2025. Yote hayo hakutuambia yeye, tuliyasikia kwingine. Yeye alisema kidogo sana. Alikuwa na blanketi moja, sahani moja, na kaye zake alizifunika na makaratasi ya mfuko wa simenti, vizuri kabisa, kuliko zetu. Alipewa kitanda karibu na mlango, mahali baridi inaingia.

Siku ya posho ya kwanza mmoja wetu alimsuka. Siku ya posho ya tatu, ndiyo mwanzo wa mwezi wa 11, yule aliyekuwa akimsuka aliacha kichanuo kianguke, akasimama, akasema mbele ya wote: “Iko chawa. Bachawa beko humu!”

Kumbe tulikuwa tunangojea tu mtu wa kwanza wa kusema. Ndani ya dakika tano kila mtu alijua chawa wametoka wapi. “Ni weye ulituletea banyama humu ndani.” “Anatoka mu kambi, mulifikiri nini?” Mwingine alikumbuka mapigo ya Misri, lile la chawa, akalitaja kama vile mwenzetu alikuwa Farao. Alikuwa ameondoka kambini tangu miezi mingi, alilala kwa mjomba wake katika nyumba ya matofali kama nyumba zetu, lakini kwetu alibaki mtu wa kambi. Hakujibu. Alimaliza kujisuka mwenyewe, na siku ile aliyesukwa nusu alikuwa ni yeye peke yake.

Kisha tukaanza vita yetu. Tulitoa matela zote inje. Tulifua mablanketi 34 siku moja, na ninyi nyote mnajua namna mvua ilinyesha siku tatu zilizofuata. Basi tulilala bila blanketi, wawili wawili ao watatu kitanda kimoja, vichwa pamoja sababu ya baridi. Tutasema mbele namna gani ile ilikuwa akili yetu. Yeye peke yake njo hakuna aliyetaka kulala naye. Alilala na koti lake la masomo.

Chawa hawakwisha. Siku ya posho iliyofuata mmoja wetu alileta chupa ya petroli. Nyumbani kwao, alisema, bibi yake alikuwa akipaka petroli kichwani na kufunga kitambaa, na asubuhi chawa wote wamekufa. Tulikubali. Tulikubali pia kama yeye njo ataanza. Ilikuwa usiku, moto wa jenereta umezimwa, buji moja ilikuwa juu ya sanduku, si mbali hata mkono mmoja. Wawili kati yetu walitaka kumshika mikono. Akasema: “Musinishike. Minakaa tu. Mukiisha, muniache nilale.” Akakaa chini. Tulimimina karibu nusu ya chupa.

Mama msimamizi aliingia kwa sababu ya harufu. Hatujasahau uso wake alipoona ile buji. Aliizima kwa vidole, hakupuliza hata. Katika giza aliuliza: “Nani alifanya hivi?” Sisi watu 33, kimya. Akauliza tena. Sauti ikatoka kule chini: “Ni mimi mwenyewe niliomba, mama.”

Tuliacha neno lile lisimame. Tulilala nalo, kama watu wanaweza kuita vile kulala.

Asubuhi ngozi ya kichwa chake ilikuwa nyekundu, na nyuma ya masikio ilianza kutoka. Kesho yake kulikuwa na malengelenge mpaka shingoni. Petroli inachoma ngozi, ikiingia machoni ni hatari, na mvuke wake unashika moto upesi. Kitu hiki ni cha taa, si cha kichwa. Tunaandika hivi kwa sababu tunajua kuna nyumba ambazo wanaendelea kufanya vile, na pia dawa ya kunyunyizia mende na kunguni, ambayo ni mbaya zaidi.

Alipelekwa kwa dispanseri. Na muganga wa dispanseri, kisha kumwosha na kumpaka dawa, alikuja mwenyewe dortwari siku ya tatu, na kiti, na kitambaa cheupe, na kichanuo cha meno madogo madogo, na rula. Hatukuelewa rula ni ya nini. Akaomba tufungue nywele zote, hata za wale waliosukwa mjini na kulipia. Wengine walilia kwa ajili ya zile nywele. Akaanza na wakubwa.

Kazi ile ilishika mchana kutwa. Alichana kila kichwa toka ngozi mpaka mwisho, akapangusa kichanuo juu ya kitambaa, akatuonyesha. Chawa mkubwa urefu wake ni milimita 2 ao 3, kama mbegu ndogo ya ufuta. Hana mabawa, hawezi kuruka, na hawezi kurukaruka kama kiroboto. Anatembea tu, kwa miguu sita yenye kucha za kushika unywele. Kwa hiyo njia yake kubwa ni kichwa kugusa kichwa. Vitu kama kichanuo na kitambaa vinaweza kumbeba, lakini kidogo tu. Akitoka kichwani anakosa damu, anakufa ndani ya siku moja ao mbili. Tulitazamana. Tulifua mablanketi 34 kwa bure, na sababu ya mablanketi yenye maji tulilala vichwa pamoja siku tatu. Hakuna chawa angeweza kupanga vizuri zaidi.

Hesabu ilitoka hivi: kati yetu sote, 21 walikuwa na chawa ao mayai yenye uzima. Mwenzetu mupya alikuwa mmoja wa wale 21. Lakini rula bado.

Muganga aliita yule wa kwanza kusema, yule aliyeangusha kichanuo (ameruhusu tuandike hivi), akanyoosha unywele mmoja wake juu ya kitambaa. Chawa jike, alisema, anabandika yai karibu kabisa na ngozi, sababu yai linahitaji joto. Linapasuka kisha siku 7 mpaka 10. Lakini ganda tupu halianguki. Limeshikwa na gundi ambayo maji na sabuni haviwezi kuilegeza, linabaki juu ya unywele, na unywele unaendelea kuota na kulichukua mbali na ngozi. Unywele unaota karibu sentimita 1 kwa mwezi, za watu wengi wa kwetu hata kidogo chini ya hapo. Akaweka rula. Ganda la mwisho lilikuwa sentimita 3 toka ngozi.

“Hesabuni,” akasema.

Tulihesabu. Miezi mitatu, ao kupita. Tulikuwa katikati ya mwezi wa 11. Yaani mwezi wa 8, wakati wa likizo, kila mtu kwao. Mwenzetu alikuwa hajaweka mguu katika masomo haya. Muganga aliita mwingine: sentimita 2 na nusu. Mwingine tena: 3. Kwa mwenzetu mupya hakukuta ganda hata moja lililopita nusu ya sentimita. Chawa wake walikuwa wa juma chache tu. Ni sisi tulimpa.

Hakuna aliyesema kitu. Inje wavulana walikuwa wanacheza mupira, tulisikia kila teke.

Tukamuuliza muganga, kama ni hivyo, mbona hatukujua? Akasema mtu anayepata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa juma 4 mpaka 6 bila kusikia mwasho, kwa kuwa mwasho ni mwili unaokataa mate ya chawa, na mwili unahitaji wakati wa kujifunza. Anapoanza kujikuna ameisha kuwa nao mwezi mzima, na yeye anatazama huku na huku kutafuta nani ameingia jana.

Na wakati wa likizo tulifanya nini? Tulilala na wadogo zetu. Wote tuna wadogo katika masomo ya msingi. Huko njo nyumba ya chawa, kwa watoto wa miaka 3 mpaka 11, kwa sababu wanacheza vichwa pamoja, wanasoma watatu juu ya kitabu kimoja, wanalala pamoja. Katika Marekani, nchi yenye maji ya moto katika kila nyumba, wanakadiria watoto wa umri huo milioni 6 mpaka 12 wanashikwa kila mwaka. Chawa hatafuti uchafu. Kichwa safi na kichwa kichafu kwake ni sawasawa. Tulipenda sana habari hii, lakini ilikuja kwetu imechelewa.

Mwalimu wa biologia alitumia somo lake lote la siku ya tano juu ya chawa, akatusaidia kutenganisha wawili wanaofanana. Kuna chawa wa kichwa, na kuna chawa wa nguo anayekaa katika mishono na kutaga humo. Yule wa nguo njo anayeogopesha. Mwaka wa 1909, kule Tunis, muganga Charles Nicolle aliona kwamba wagonjwa wa tifusi waliambukiza watu mpaka mlangoni mwa hospitali, lakini wakiisha kuvuliwa nguo na kuoshwa hawakuambukiza tena. Hivi njo alijua kama ni chawa. Walimpa tuzo ya Nobel mwaka wa 1928. Na tusifikiri ni habari ya zamani: katika Burundi, jirani zetu, tifusi hiyo ilishika makumi ya maelfu ya watu miaka ya 1996 na 1997, katika kambi za waliokimbia vita, juu ya milima yenye baridi. Watu waliiita sutama. Kidonge cha doksisikilini, miligramu 200 mara moja tu, kilitosha kumponya mtu, kama kilimfikia.

Mtu mmoja nyuma ya kalasi akasema: basi, ni kweli watu wa kambi wanaleta. Mwalimu alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza: mtu asiye na nguo ya pili ya kubadili, asiye na maji, analeta ao analetewa? Hakungojea jibu, aliendelea. Chawa wa kichwa hajulikani kama mwenye kupeleka tifusi. Lakini alituambia pia kwamba mwaka wa 2015 wachunguzi waliandika kuhusu chawa wa Ituri, mahali tauni haijaisha: katika baadhi yao, hata wa kichwa, walikuta alama za kijidudu cha tauni. Kukuta alama ndani ya chawa si kusema anaambukiza mtu. Wanaendelea kuchunguza.

Dawa? Kuna maji ya permetrini, lakini katika nchi nyingi chawa wameisha kuizoea, na kwetu bei yake ni ya mashaka. Muganga alitupatia njia mbili. Anayetaka, anyoe. Asiyetaka, alowanishe nywele na sabuni ao mafuta ya ngazi, achanwe na kile kichanuo cha meno madogo toka ngozi mpaka mwisho, kila siku ya tatu ao ya nne, juma mbili bila kuruka, kwa sababu yai linalopona leo litapasuka juma lijalo. Tulinyoa watu 14. Wavulana walituita “mayai ya kuchemsha”. Muganga akawaita wao pia, akawakuta wawili wenye chawa, na mchezo ulipungua.

Kulikuwa na sheria ya zamani ya kurudisha nyumbani kila mwenye chawa. Muganga alimwambia Bwana Prefe kwamba hata chama cha waganga wa watoto wa Marekani wanasema haifai kumtoa mtoto masomoni sababu ya chawa, maana siku anayofukuzwa ameisha kukaa nao mwezi, na anayekosa masomo ni yeye, si chawa. Bwana Prefe alikubali. Tunamshukuru. Angefuata sheria, 21 tungeenda.

Habari ya petroli tulimwambia Mama msimamizi jioni ile ya rula. Siyo mbele. Alijibu: “Nilijua. Mtu hawezi kujimiminia mwenyewe nyuma ya shingo.” Tukapewa azabu, tukakata majani ya kiwanja chote, na kusukana kulifungwa mpaka Noeli. Tulienda kwa dispanseri watu sita kumwomba mwenzetu radhi. Alikuwa amekaa kitandani na kitambaa kichwani, anasoma kemia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema: “Sawa.” Akauliza kama somo la siku ya pili tumefika wapi. Hatukujua kama alisamehe ao alitaka tu tutoke.

Mjomba wake alikuja mwanzo wa mwezi wa 12, kumchukua apone nyumbani. Hakupiga kelele. Aliangalia kile kichwa muda mrefu, akafunga blanketi na sahani juu ya kinga, akaondoka naye. Mwezi wa kwanza masomo yalipofunguliwa hakurudi. Tuliandika barua, tukatia sahihi wote, hata wale waliosema wao walikuwa wamelala usiku ule.

Jibu lilifika juma liliyopita kwa mkono wa dereva. Ni karatasi moja ya kaye. Anasema vidonda vimefunga, isipokuwa mahali padogo nyuma ya sikio la kushoto ambapo nywele hazijaota. Anasema mjomba anafikiri juu ya kurudi kwake kisha Pasaka, hajakata neno. Juu ya yale mengine hakuandika kitu. Anaomba note za masomo yote tangu siku alipoondoka, kwa sababu hataki kuanza tena mwaka wa tatu.

Basi tumegawana kazi. Kemia imekwisha, hesabu pia, Kifaransa iko kwa mtu wa kuandika vizuri. Tumefunika kaye hizo na karatasi za mfuko wa simenti, ingawa hatukuweza kuzikunja kama yeye. Inayokosa ni histori ya mwezi wa 12, kwa kuwa sisi wengi tulikuwa tunakata majani saa ile. Ndugu wa mwaka wa tatu mwenye note hizo kamili, tunaomba atuazimie mpaka siku ya posho. Dereva anaondoka siku ya Mungu kisha ibada.

Wasichana wa dortwari ya pili